Maji ya Upare na Bahari ya Pangani

Watu wengi humdhania Mpare kuwa mtu wa mlima asiyekuwa na neno na bahari. Dhana hii yatokana na kutazama njia za watu na kusahau njia za maji. Mvua inyeshayo juu ya Shengena, kilele chenye kimo cha mita 2,462 katika msitu wa Chome, haina kituo chake wilayani Same. Upande wa mashariki maji hushuka kwa mito ya Hingilili na Yongoma kuuelekea Mkomazi. Mkomazi huungana na Pangani, nao Pangani, uliokwisha kupokea maji ya Kilimanjaro na Meru, huyafikisha katika Bahari ya Hindi, penye mji wa jina hilo hilo. Basi mvuvi wa Pangani na mkulima wa Gonja ni majirani, ingawa yamkini hawajapata kuonana.

Masimulizi ya historia huueleza ujirani huu kwa upande mmoja. Twasoma kwamba katika karne ya 19 misafara ilipanda kutoka pwani na nguo, shanga na bunduki, ikashuka na pembe za ndovu na watumwa, na kwamba Upare haukusalimika na msukosuko wa biashara hiyo. Bahari hapo ni mlango wa wafanyabiashara tu. Ni nadra kusoma kwamba bahari nayo ilikuwa ikingojea kitu kutoka mlimani, yaani maji matamu na udongo.

Wapare wenyewe walikuwa mabingwa wa kugawana maji, na hapa msomaji aniwie radhi nikikawia kidogo. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililochimbwa mteremkoni. Mfereji hulijaza usiku kucha. Alfajiri kizibo huondolewa, na maji yaliyokusanyika hukimbia kwa nguvu hadi mashamba ambayo kijito chenyewe kisingeyafikia. Ndiva nyingi za kale zilikuwa mali ya koo. Kila moja ilikuwa na msimamizi wake, zamu zake, na kazi ya pamoja ya kuzoa matope, ambayo mtu hakuikwepa bila kuadhibiwa. Wa juu na wa chini walipatana, maana wa juu alijua kwamba aliye chini yake ana haki.

Lakini huyo wa chini alikuwa nani? Alikuwa mwenye shamba la mwisho lionekanalo kwa macho. Bahari haikuwekewa zamu. Simlaumu mtu kwa hilo: ndiva zilichukua maji kidogo, na mafuriko ya masika yalipita juu ya mifereji yote yakaenda zake hadi pwani.

Mizani iligeuka katika karne ya 20. Mashamba makubwa yalizidi kunywa katika bonde zima. Mitambo ya umeme ilijengwa kwenye maporomoko ya Pangani, na mwaka 1964 ikafuata ya Hale. Katika miaka hiyo ya 1960 lilijengwa pia bwawa la Nyumba ya Mungu, kaskazini magharibi mwa Upare. Bwawa hilo lilileta samaki na umeme, wala si haki kulisema kwa ubaya tu. Hata hivyo lilizuia mafuriko. Kinamasi cha Kirua kilichokuwa kikinyweshwa nayo kilipungua, na mto uliozoea kujaa na kupwa kwa majira ukafuata mahitaji ya mitambo.

Mlangoni mwa mto maji matamu ndiyo huisukuma chumvi nyuma. Yakipungua, bahari hupanda. Ndivyo ilivyotokea Pangani: chumvi iliingia bara kwa kufuata mto, ikadhuru mashamba na minazi ya kandokando. Mikoko nayo, ambamo kamba na samaki wachanga hukulia, huhitaji maji ya mto yachanganyike na ya bahari.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka akiba ya maji kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mito, mbele ya kilimo na umeme. Mto ukapewa zamu, walau katika karatasi. Penye ndiva, mwenye zamu huja mwenyewe na jembe begani, akasimama kizibo kikiondolewa. Mtu wa Pangani hana kizibo cha kusimamia; zamu yake iko mikononi mwa watumishi wa bonde walioko Moshi, naye huonja maji ya kisima chake.