Mvuke wa Olkaria

Nikiwauliza wanafunzi wangu umeme watoka wapi, wengi hunijibu, "Mtoni." Lakini wewe msomaji, ukifika Olkaria karibu na Naivasha, utaona mabomba makubwa yakipita katikati ya vichaka vya leleshwa, na mvuke mweupe ukipanda kutoka ardhini. Mvuke huo ulikuwako kabla ya babu zetu. Mbona basi ulichelewa kututilia taa?

Wachimbaji walianza kazi mwaka wa 1956. Walichimba visima viwili wakaviacha, kwa maana mvuke wa kutosha haukupatikana. Kazi ilirudiwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kazi mwaka wa 1981. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria iliyosema ya kuwa joto lililomo ardhini, hata chini ya shamba la mtu, ni mali ya Serikali.

Hata hivyo mambo yalikwenda polepole. Kisima kimoja huweza kushuka kilomita 3, na gharama yake ni kubwa mno. Tena hakuna ajuaye kwa yakini kilichomo mpaka amekwisha kuchimba. Kikiwa kitupu, ni nani atakayekula hasara? Matajiri hawakutaka. Ndipo ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa ya mto Tana, umeme ukagawanywa kwa zamu, na Serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli, yenye kula fedha na kuchafua hewa. Kwa hiyo mwaka wa 2008 Serikali iliunda kampuni yake ya kuchimba visima kwa fedha za umma, ili mwenye mtambo anunue mvuke uliokwisha kuonekana. Siku hizi zaidi ya sehemu mbili katika tano za umeme wa Kenya hutokana na mvuke. Naona uamuzi ule juu ya hasara ulifanya kazi kubwa kuliko mashine yoyote.

Lakini sheria iliyosema joto ni la nani haikuwatosha waliokaa juu yake. Mwaka wa 2014, ulipojengwa mtambo mpya wa megawati 140, jamaa za Wamasai zilihamishwa. Wao walilalamika kwamba ardhi waliyopewa ina makorongo na barabara yake ni mbovu. Malalamiko yalifika hata kwa Benki ya Dunia, iliyokuwa imetoa mkopo. Wasuluhishi wakaitwa, na mapatano yakatiwa sahihi mwaka wa 2016, mtambo ukiwa umekwisha kufanya kazi karibu miaka miwili.