Jemadari aliyekubali kufundishwa

Ukifika Unyambwa, Manispaa ya Singida, ukaulizia mtu mwenye busara, utaelekezwa kwa mzee. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Wayahudi nao huwaheshimu wazee, ila msomi wao aliyebobea, hata awe na mvi kichwa kizima, kwa Kiebrania humwita talmid hakham, yaani mwanafunzi wa mwenye hekima. Kafika kileleni, na bado anaitwa mwanafunzi!

Afrika Mashariki tunaye aliyeupitia mkondo huo, na wala hakuzaliwa Myahudi. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliwatekea Waingereza mashariki ya Uganda, akitumaini kutawala huko kama mfalme. Wao wakampunguzia madaraka kidogo kidogo. Kwa uchungu akajitenga, akaingia kwa Wamalaki, dhehebu la Kikristo lililokataa dawa za hospitali, huku akizama katika Agano la Kale kwa Kiganda. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia hayo ni ya Wayahudi. Inasimuliwa kwamba alijibu: basi sisi ni Wayahudi. Ndio mwanzo wa Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale.

Lakini kitabu bila mwalimu kina mwisho wake. Waliishika Sabato, ila ubatizo hawakuuacha. Katika miaka ya 1920 akatokea Myahudi mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosefu tu, akakaa nao miezi kama sita akiwafundisha kalenda ya sikukuu, uchinjaji na sala. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Kakungulu kuliko katika vita vyake vyote: aliyeamrisha majeshi aliketi kumsikiliza mpita njia.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Samson Mugombe akaongoza baada yake. Chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wakawa wanasali kwa kificho, na wengi wakahama imani.

Mjukuu wa Mugombe, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akafuzu mwaka 2008. Ilikuwa imepita miaka 89 tangu Kakungulu atahiriwe. Sizomu hakubaki Marekani. Alirudi kwao Nabugoye, huko Mbale, akafungua chuo, akaanza kufundisha.