Chumba cha Willa Cather, Red Cloud

Humu darini, chini ya paa, ndimo alimolala mwandishi Willa Cather. Alizaliwa Virginia mwaka 1873, akahamia Nebraska na wazazi wake akiwa na miaka tisa. Familia ilianza kupanga nyumba hii mwaka 1884. Tazama karatasi za ukutani zenye maua ya waridi: alizipata kwa kufanya kazi katika duka la dawa la mjini, akazibandika mwenyewe.

Hapa Red Cloud alimfahamu Anna Sadilek, binti wa wahamiaji kutoka Bohemia aliyefanya kazi za ndani kwa majirani. Ndiye chimbuko la mhusika mkuu wa My Ántonia, riwaya yake ya 1918. Kabla ya hapo, katika O Pioneers! ya 1913, Alexandra Bergson anarithi dhamana ya shamba la baba yake na kulistawisha huku kaka zake na majirani wakikata tamaa. Wanawake wa Cather wanalima, wanaamua, wanamiliki. Hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini Wapawnee, wenyeji asilia walioondolewa Nebraska katika miaka ya 1870, hawakupewa nafasi wanayostahili vitabuni mwake. Wakumbuke unaposoma.

Tafadhali usiguse ukuta.