Kwa nini mlima wa nyota huanzia kileleni

Kama unajifunza programu hapa Moshi, utakutana tu na zoezi hili: muulize mtumiaji namba, kisha chapa pembetatu ya nyota. Akiandika 4, kompyuta itoe hivi:

```
   *
  ***
 *****
*******
```

Tuiite Kibo. Mstari wa i una nafasi n−i, halafu nyota 2i−1. Sasa jiulize: volkano ilijenga Kibo tabaka juu ya tabaka, kutoka chini. Mbona sisi tunaanzia kileleni?

Sababu ni karatasi. Kompyuta nyingi za miaka ya 1960 zilitoa majibu kwa printa iliyochapa mstari mmoja, karatasi ikasogea, basi, hairudi. Ulipaswa kujua idadi ya nyota kabla mstari haujapita. Na printa ilikuwa na herufi na alama tu, ndiyo maana tunachora kwa nyota.

Namba nayo iliingia kwa kadi yenye safu 80, kila safu herufi moja iliyotobolewa matundu. 4 yako ilifika kama alama, programu ikaigeuza kuwa namba. Hata leo kwenye Python unaandika int(input()). Sahau hiyo int uone range itakavyokugomea.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu za serikali ikaenda mrama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mwaka uliofuata tu, Marekani ikaanza kuuza Altair 8800, mashine ambayo mtu binafsi angeweza kuinunua!

Wapo wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana: mashine zile zililipiwa kwa fedha za kigeni, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye kahawa iliyochumwa huku kwetu, Machame, Kibosho, Marangu. Ila tulilipa kwa njia nyingine. Zoezi la nyota lilipotufikia, printa na kadi zilishapitwa na wakati, tukabaki kukariri kanuni bila kujua zimetoka wapi.

Hebu jaribu hili: chapa Kibo ya mistari 6 na Mawenzi ya mistari 4, ubavu kwa ubavu. Huwezi kumaliza Kibo kwanza ndipo uanze Mawenzi. Kuanzia mstari wa tatu, kila mstari lazima ubebe kipande cha milima yote miwili.