Mwili wa kazi na mwili wa maonyesho

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa mchezo wa vijana tu, nalo ni mazoezi ya mwili. Nina swali moja. Anayefanya mazoezi anataka nini hasa? Anataka mwili utakaomfanyia kazi na kumweka hai miaka mingi, au anataka mwili wa kutazamwa? Wengi watasema wanataka vyote viwili, na hakuna ubaya. Lakini historia inaonyesha kwamba siku zote kimoja hutangulia, na kile kinachotangulia ndicho kinachoamua mtu ale nini, afanye zoezi gani na aache lini.

Swali hili lilinijia nilipokuwa Manyamanyama, katika mji wa Bunda, mkoani Mara. Nyuma ya nyumba moja vijana wamejitengenezea mahali pao pa kunyanyua vyuma. Wana ekseli ya gari bovu, makopo ya rangi yaliyojazwa zege, benchi la mbao, na ukutani kipande cha kioo. Ni vijana wenye bidii na nidhamu, na waliniamkia vizuri. Nikamuuliza mmoja wao chuma kile kina kilo ngapi. Hakujua. Nikamuuliza mkono wake una inchi ngapi. Akajibu papo hapo: "Kumi na tano, mzee." Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nichimbe historia kidogo.

Desturi ya kujenga mwili kwa ajili ya macho ina umri wa zaidi ya miaka mia moja tu. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, palikuwa na watu waliopata riziki kwa kuonyesha nguvu majukwaani. Walinyanyua mizigo mizito, walikata minyororo, walibeba watu. Maarufu kuliko wote alikuwa Eugen Sandow, aliyezaliwa mwaka 1867 katika mji wa Königsberg, Prussia. Mwaka 1893 Sandow alifanya maonyesho Chicago, na mfanyabiashara aliyemsimamia, Florenz Ziegfeld, akatambua kwamba watu walivutiwa zaidi na misuli ya Sandow kuliko mizigo aliyoinyanyua. Tangu hapo mwili wenyewe ukawa ndio bidhaa.

Tarehe 14 Septemba 1901 Sandow akaandaa shindano kubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Washindani walisimama mbele ya umati, wakatazamwa, na mshindi akachaguliwa kwa jinsi alivyoumbika. Miongoni mwa waamuzi alikuwemo Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Kwa haki yake, Sandow alihubiri sana habari za afya, na vitabu vyake vilisomwa na wengi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1965 likaanza Marekani shindano la Mr. Olympia, na leo hata kwetu mashindano ya kutunisha misuli yanafahamika mijini.

Sasa turudi Mara, kwa sababu mkoa huu una historia yake ya nguvu, na historia hiyo haikuanzia kwenye kioo. Kwa vizazi vingi watu wa huku waliupima mwili kwa shamba, kwa kuchunga ng'ombe, kwa kuvuta nyavu ziwani na kwa safari za miguu. Wakoloni wa Kiingereza waliliona hilo. Jeshi lao la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilichukua askari wengi kutoka Mara.

Mmoja wao alikuwa David Musuguri wa Butiama. Aliingia Keya mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baada ya uhuru akapanda ngazi hadi kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988. Alifariki dunia mwezi Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Umri huo una sababu nyingi, na mimi si mganga wa kusema ni ipi iliyo kubwa. Ninachosema ni kwamba mazoezi aliyolelewa nayo ni yale ya askari wa miguu: kutembea na mzigo, kukimbia, kuchimba handaki, kuamka alfajiri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kioo.

Mwingine wa Butiama ni Mwalimu Julius Nyerere. Mwalimu hakuwa mtu wa kifua kipana. Ukimtazama kwenye picha za wakati ule unamwona mtu mwembamba, wa kimo cha kawaida. Lakini mwezi Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, akiwa Rais na akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Anayeijua barabara ya Butiama kwenda Mwanza kwa kupitia Bunda na Magu anaijua pia jua lake. Vijana sehemu mbalimbali za nchi walikuwa wakitembea kuliunga mkono Azimio, na Rais naye akaiweka miguu yake mwenyewe barabarani. Ilikuwa ni siasa, naam, lakini siasa ile isingewezekana kama miguu isingekuwa na uwezo.

Katika roho hiyo hiyo shule zetu za msingi zilikuwa na mchakamchaka wa asubuhi. Mimi ni mmoja wa waliokimbia huku tukiimba. Hakuna mwalimu aliyewahi kutupima mikono kwa futi ya fundi cherehani. Kilichotazamwa ni kama umefika, na kama bado unaweza kuimba.

Ng'ambo ya ziwa palikuwa na mtu wa namna nyingine. Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946, na katika miaka ya 1950 alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda. Mwili wake mkubwa aliutumia vizuri mbele ya kamera. Majeshi yake yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, alitangaza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na mwamuzi awe Muhammad Ali. Watu walicheka, na pengine yeye mwenyewe alitania. Tunajua yaliyofuata. Askari wa Tanzania, sehemu kubwa wakienda kwa miguu, waliingia Uganda. Divisheni ya 20, ikiongozwa na yule yule Musuguri, ilipigana Lukaya mwezi Machi 1979, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaangukia mikononi mwao. Vita ina mambo mengi kuliko misuli. Hata hivyo, yule aliyejigamba kwa kifua ndiye aliyekimbia nchi yake.

Tuje kwenye michezo yenyewe. Tanzania imepata medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake, zote za fedha, zote Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ya pili ni ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, aliyeachwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiofika sekunde moja. Nyambui ni mtoto wa Majita, Musoma. Baadaye alishinda mbio za marathoni za Berlin mara mbili mfululizo, mwaka 1987 na 1988. Ndugu msomaji, mweke Nyambui wa miaka ile mbele ya kile kioo cha Manyamanyama, umvue shati. Nakuhakikishia vijana wangemshauri ale zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Macho ni mwamuzi mbaya wa nguvu na ni mwamuzi mbaya zaidi wa afya. Wataalamu wamelithibitisha hili zamani. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na walioupata waliweza zaidi kupona.

Watu wakauliza: je, si kwa sababu madereva ni wanene? Morris na wenzake wakaenda kwenye kumbukumbu za sare za kazi na kutazama vipimo vya viuno. Ni kweli, suruali za madereva zilikuwa kubwa zaidi. Lakini walipowalinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, bado kondakta alikuwa na nafuu. Kondakta mwenye kitambi aliyepanda ngazi kutwa alikuwa salama kuliko dereva mwenye kitambi aliyekaa. Morris mwenyewe alianza kukimbia kwa ajili ya afya, na alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa vyuma anapaswa kulijua. Mtu anapoanza mazoezi ya nguvu, wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Misuli yenyewe hunenepa baadaye, polepole. Maana yake ni kwamba kijana anaweza kuwa na nguvu zaidi kuliko mwezi uliopita, na kioo kisimwambie lolote. Vivyo hivyo shinikizo la damu linaposhuka halionekani kwenye kioo, na sukari inapotulia haionekani. Anayesubiri habari kutoka kwenye kioo huzipata kwa kuchelewa, na wengi huchoka kusubiri. Wengine huacha mazoezi. Wengine hutafuta njia ya mkato.

Njia hiyo ya mkato ndiyo inayonitia hofu. Ni dawa za steroidi, yaani homoni za kiume zilizotengenezwa kiwandani. Dunia nzima ilizisikia mwaka 1988 pale Ben Johnson wa Kanada alipovuliwa medali ya dhahabu ya mita 100 mjini Seoul. Mwili unapopokea homoni kutoka nje, huacha kutengeneza zake. Korodani husinyaa na uwezo wa kuzaa hupungua. Msuli wa moyo huwa mnene kupita kiasi, mafuta mabaya ya damu huongezeka, ini huumia. Kijana anakuwa na mwili ambao kila mtu anausifu, na ndani yake moyo wa mgonjwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nisieleweke vibaya. Chuma hakina kosa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na pamoja na hayo mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wazee wanahitaji misuli hiyo zaidi, ili wasianguke na kuvunjika nyonga. Wala sisemi kwamba kila kazi ngumu ni afya. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani kila asubuhi ana nguvu ambazo vijana wa vyuma hawana, lakini shingo na mgongo wake vinalipa gharama, na dawa yake ni bomba la maji karibu na nyumba. Hata kupenda kupendeza si dhambi. Kijana wa miaka 19 asiyetaka kutazamwa ni nadra kumpata.

Ushauri wangu kwa vijana wa Manyamanyama, na wa Magomeni, na wa Mwanza, ni mdogo. Kioo kibaki, lakini kisiwe mwamuzi peke yake. Nunueni daftari. Andikeni kilo mlizonyanyua, mara ngapi, na dakika mlizokimbia bila kusimama. Msiwasahau miguu na mgongo kwa sababu havionekani ukivaa fulana. Siku moja kwa wiki acheni vyuma, mtembee. Nendeni kituo cha afya mkapimwe shinikizo la damu, maana hata mwenye kifua kipana anaweza kuwa nalo. Na mtu akikuletea kidonge au sindano ya kukuza mwili, mwulize swali moja tu: baada ya miaka ishirini nitaweza kufanya nini na mwili huu?

Yule kijana wa inchi kumi na tano nilimwachia kazi ya kuupima uzito wa lile zege kwenye mizani ya dukani. Alicheka, akasema atafanya hivyo. Natumaini amefanya, kwa sababu akishaijua hesabu ya kilo zake atakuwa ameanza kushindana na mtu anayefaa kushindana naye, ambaye ni yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.