Metta

Metta ni tafakuri ya Kibuddha ya kukuza upendo usiobagua, inayofanywa hasa na Wabuddha wa Theravada nchini Sri Lanka, Myanmar na Thailand. Ni ya kwanza kati ya hali nne tukufu za moyo. Nyingine ni huruma, kufurahia heri ya wengine, na utulivu usioyumba.

Mwongozo wake wa kina umo katika Visuddhimagga, kitabu alichoandika mtawa Buddhaghosa nchini Sri Lanka katika karne ya 5. Mtu huanza kwa kujitakia heri mwenyewe, kisha humtakia mwalimu anayemheshimu, rafiki mpendwa, mtu asiyempenda wala kumchukia, na mwishowe adui. Hapo ndipo penye ugumu, na Buddhaghosa anapashughulikia kwa subira ya kupendeza: hasira ikizuka, mtu arudi kwanza kwa wale wa awali, akumbuke jema lolote la adui huyo, au hata ampe zawadi. Marehemu hawatumiwi katika zoezi hili.

Chuki ni adui wa metta aliye wazi. Mapenzi ya kung'ang'ania ni vigumu zaidi kuyatambua, kwa kuwa yanafanana nayo. Mafundisho ya kale yanataka uzingativu huu udumu mtu akiwa amesimama, akitembea, ameketi au amejilaza, maadamu yu macho.