Ng'ombe Waliorudi

Mwaka 1974, Bariadi ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga (mkoa wa Simiyu ulikuja kuzaliwa mwaka 2012), nilitumwa kusaidia kuswaga ng'ombe 12 kutoka Maswa hadi kwetu. Walikuwa ng'ombe wa mahari. Baba mkubwa alikuwa amemrudisha kwao mkewe wa pili kwa sababu moja tu: hakuzaa. Wa kwanza naye aliondoka vivyo hivyo. Mimi nilikuwa mtoto, na niliifurahia safari.

Yule mama aliolewa tena hukohuko Maswa, akazaa watoto watano. Habari zilifika nyumbani, zikasikika, zikanyamaziwa. Baba mkubwa, mtu mrefu, mpole, hodari wa kulima pamba, aliendelea kuzunguka kwa waganga akiuliza ni nani aliyewafunga wake zake uzazi.

Na kumbe sehemu ya jibu ilikuwa imekwisha kuandikwa mbali. Mwaka 1942 daktari Harry Klinefelter, huko Boston, Marekani, alieleza hali ya wanaume tisa wasio na mbegu. Chanzo hakukijua, wala asingeweza: idadi sahihi ya kromosomu za binadamu, yaani 46, ilijulikana mwaka 1956 tu, kwa kazi ya Tjio na Levan huko Sweden. Mwaka 1959 Patricia Jacobs na John Strong wa Edinburgh wakaona kwamba mwanamume wa namna hiyo anazo 47: X mbili na Y moja. Huzaliwa kiasi cha mmoja katika kila wanaume 600, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Mwaka 1976, miaka miwili baada ya safari yangu, Tiepolo na Zuffardi wa Italia wakaonyesha kwamba wengine wamepungukiwa kipande cha hiyo Y yenyewe.

Tangu mwaka 1992, kutokana na kazi iliyofanyika Brussels, mbegu moja tu huweza kudungwa ndani ya yai. Hata kwa wenye X mbili, daktari akipekua korodani kwa hadubini hupata mbegu kwa karibu nusu yao. Pengo la Y lina sheria zake. Ikikosekana sehemu nzima iitwayo AZFa, kisu hakitakuta kitu. Ikiwa ni AZFc, mbegu mara nyingi hupatikana, ila mtoto wa kiume atarithi pengo la babaye. Ndiyo maana damu yapasa kupimwa kabla ya kisu.

Baba mkubwa alikufa bila kupimwa, nami simsingizii lolote katika hayo.

Miaka michache iliyopita nilimtembelea yule mama, sasa bibi kizee. Nilimweleza yote haya kwa Kisukuma, nikihangaika na maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama namkumbuka ng'ombe mmoja mweupe, aliyekuwa akigeuka njiani kutaka kurudi. Nikamwambia, namkumbuka, mama.